Pazia la Alasiri

Yannick hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Yannick, muuza kamera za ulinzi, hufunguliwa, huwekewa kiti, huulizwa kama atakunywa chai. Basi alipopita sokoni Kadutu akaona duka la vitenge la maman Zabibu, mlango wake umetazama jua la alasiri, moyo ulimruka kama wa bwana arusi. Na bwana arusi alikuwa kweli. Wajomba wa Priscille, mchumba wake, walitaka mahari ya vitenge vya waksi, la sivyo binti haondoki nyumbani, na mifukoni mwa Yannick mlikuwa na upepo tu.

"Maman, hii kamera inaona hata zambi ya mutu," alisema, akiifunga ukutani mkabala na mlango.

"Na mu giza?"

"Giza njo chakula yake! Iko na macho ya usiku, na taa yake yenyewe."

Hapo, kwa bahati mbaya, alisema kweli. Alichoficha ni kwamba kamera ya bei rahisi ikitazamana na jua huona mwanga tu. Anayesimama mlangoni huwa mweusi tii, hana pua wala jina. Walipoijaribu, maman alijiona kwenye simu kama gunia la makaa.

"Njo miye huyu?"

"Itazoea, maman. Iko mupya."

Kesho yake adhana ya alasiri ikalia. Maman Zabibu alifanya kama wenzake wa mtaa ule: hakufunga mlango, alishusha pazia zito akaenda kuswali. Pazia likiwa chini hakuna anayeingia. Heshima ndiyo kufuli.

Yannick aliingia. Akalirudisha pazia vizuri nyuma yake, majirani wasimwone. Mtu mwangalifu sana! Alibeba waksi wanazozipenda wajomba, na kwa kuwa alijijua ni kivuli tu, akaipigia kamera saluti, akaikatia kiuno, akaibusu.

Asubuhi maman alimpigia simu kwa sauti ya asali. "Papa Yannick, banatuiba. Kuya uone."

Alikuja amekunja uso kama mfiwa, tayari kuuza kamera ya pili. Kumbe video ilikuwa imeshazunguka simu za soko zima, na Priscille alikuwa ameketi pale, vitenge vya mahari alivyowapelekea wajomba jana jioni viko mapajani mwake.

Pazia lilikuwa limefukuza jua. Kamera ilipoona giza ilifungua macho yake ya usiku, ikamwonyesha Yannick waziwazi mpaka pengo la jino, midomo ikikaribia.

"Haiwezekani!" alifoka. "Hii kamera haionake mutu!"

"Weye njo ulisema inaona hata zambi," alijibu maman Zabibu.

Priscille alilia kidogo, kisha kicheko kikamshinda.

"Yannick, miye haujanibusu vile hata siku moja."

Akaweka vitenge mezani, akamshika maman mkono, wakatoka wote wawili wakamwacha Yannick ndani. Pazia akalishusha vizuri nyuma yao. Mle ndani giza likaingia, na kamera, kazi ni kazi, ikamrekodi Yannick akilia.