Ekseli ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Luciana bado yuko kwao. Wiki ya tatu sasa, tangu nilipokikata kitanda chetu cha chuma nitengeneze springi za mikokoteni. Nalala chini. Nimestahili.

Leo Yunisi, mdogo wake, kaleta ujumbe. Ekseli ya mkokoteni wa punda wa mama mkwe imekatika. Jumamosi lori la mnunuzi kutoka Singida Mjini linakuja kuchukua alizeti. Siku hizi hatukisubiri tena chama cha ushirika. Anayewahi ndiye anayeuza. Nikitengeneza ekseli mpya na alizeti zikafika, mke wangu atarudi. Nimeruka kwa furaha, kichwa kikagonga kenchi.

Jumanne, 3 Agosti

Nimekwenda kupima. Nimemkuta mama mkwe amekaa juu ya mkokoteni wenyewe, anachambua maharage! Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kusogeleana. Nikajibanza nyuma ya ua wa minyaa, nikamwomba Luciana apime upana. Akapima kwa hatua, akapaza sauti kwamba ni mbili na nusu. Hata hali yangu hakuuliza. Iliniuma.

Simeoni, seremala jirani yangu, ana futi kamba. Akasema yeye si mkwe wa mtu pale, anaweza kwenda kupima vizuri. Nikamwambia hatua ni hatua. Anatafuta sifa tu!

Alhamisi, 5 Agosti

Imekwisha! Bomba nene la maji, bushi za mninga zilizolowekwa kwenye oili, na pini za kuzuia magurudumu zenye vichwa vya umbo la ua la alizeti. Nani mwingine hapa Kinampanda angebuni hivyo? Upana nimeupima uwanjani kwangu, hatua mbili na nusu kamili.

Ijumaa, 6 Agosti

Kufunga kafunga Simeoni, kwa kuwa mama mkwe alikuwepo. Karudi anasema magurudumu yamejitenga mno na sanduku, na pini zangu ni nyembamba. Wivu.

Jumamosi, 7 Agosti

Aibu.

Mkokoteni ulikuwa mpana kuliko njia. Gurudumu moja barabarani, jingine juu ya matuta ya viazi vya Alute, ambaye alitoka na jembe. Magunia sita, na mama mkwe juu yake. Mimi nilifuata mbali kwa heshima. Kwenye mteremko ua la alizeti la pini moja likakatika, gurudumu likaenda zake, mama mkwe akaenda mtaroni.

Nikakimbia. Nilipofika nikakumbuka kwamba siwezi kumshika. Basi nikampa mgongo, nikasema shikamoo mama. Nikarudia kwa sauti zaidi. Watu wote waliokuwa wakienda mnadani wakashuhudia namwamkia mti wa mgunga huku mama wa watu analia nyuma yangu. Simeoni ndiye aliyemnyanyua. Lori likaondoka bila alizeti.

Luciana akatazama ekseli, kisha miguu yangu. Akauliza hatua zile nilizipima kwa miguu ya nani. Yeye ananifika kifuani. Natamani ardhi ingenimeza pale pale.

Jumapili, 8 Agosti

Sikwenda kanisani. Nitawatazamaje?

Jumatatu, 9 Agosti

Yunisi kaja. Nyonga ya mama mkwe imeumia, hawezi kutembea. Luciana hatarudi hadi mama yake atakapoweza kutoka ndani mwenyewe. Nililia kidogo, sifichi.

Kisha nikafikiri. Kutoka ndani mwenyewe! Kinachotakiwa ni kiti cha chuma chenye magurudumu mawili, kivutwe na punda yule yule. Nimekichora asubuhi yote. Kinapendeza mno.

Simeoni kaniomba nimwache kwanza akapime upana wa mlango na urefu wa mgonjwa. Nimemkatalia. Bomba nimeshalikata.