Gari la Kumrudisha Mama Watoto Milimani

Jumatatu, 3 Juni

Vita vimetangazwa. Shemeji kaja na gari jipya. Gari gani! Nyumba yenye usukani. Kitanda, jiko, friji, mapazia ya maua. Shemeji ni mkaguzi wa shule mstaafu, ila ukaguzi haujamstaafu yeye. Alikagua sebule, akakagua soksi zangu, kisha akatangaza kwamba Jumamosi anampeleka dada yake milimani kupunga upepo. Dada yake ndiye mke wangu.

Milima ile ni yangu! Nilikuwa dereva wa gari la sinema la serikali. Tulikuwa tunafunga shuka jeupe kati ya miti miwili, jenereta linaunguruma, kijiji kizima kinakaa chini. Waliochelewa walikaa upande wa nyuma wa shuka na kuiona picha kinyume. Mama watoto alichelewa. Picha ilipokwisha akanifuata kunieleza kwamba shujaa anatumia mkono wa kushoto. Nikamwambia wa kulia. Tukabishana mpaka taa zikazimwa. Mpaka leo hajakubali.

Baada ya harusi nilimchukua njia nzima. Tulilala nyuma ya gari, kati ya projekta na madumu ya dizeli. Sijapata tena furaha kama ile, na sioni haya kuiandika.

Mama watoto kasema, kwa upole wake ule unaokata: nikipata gari kufikia Jumamosi atakwenda na mimi. Nisipopata, atakwenda na kaka yake. Nikacheka. Mimi niliendesha fowili, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, wakati Shemeji anaogopa baiskeli!

Jumanne, 4 Juni

Yadi ya magari ya kukodi. Mwenye yadi ni mama mmoja mnene, mwenye miwani juu ya kichwa na mingine machoni. Akaniuliza maswali mengi. Tunalala wangapi? Barabara ni lami au vumbi? Tunapika ndani au nje? Msafiri mwenzangu anapenda nini? Nikamwambia mama, gari haliposwi, linachaguliwa. Nilizunguka njia zile na gari la sinema tangu hujaota meno. Akauliza gari la sinema ndiyo nini. Nikajisikia nimekula chumvi nyingi kupita kiasi.

Yapo matatu. La kwanza ni lori zima, lina choo na bafu. Mtu hasafiri na choo chake! La pili ni fupi, jeupe, mlango wa kusukuma pembeni, kitanda kiko chini. La wagonjwa. La tatu, ah! La kijani, kuukuu, hema juu ya paa na ngazi ya kupandia. Nikafungua mlango, nikanusa. Dizeli na turubai. Machozi yakanilenga pale pale. Mwenye yadi akadhani nina mafua.

Nimechagua la kijani. Akauliza kama mke wangu ameliona. Nikasema anapenda vitu vya kushtukiza.

Jumatano, 5 Juni

Kazi ya leo: vipimo. Kitanda cha hemani ni kifupi kidogo, na mama watoto ni mrefu. Kumwuliza urefu wake kungeharibu siri. Nikangoja ajilaze baada ya chakula cha mchana. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikanyata, nikaanzia utosini.

Nilikuwa nimefika kwenye visigino alipofumbua macho. Akauliza nafanya nini. Nikasema sifanyi kitu.

Sasa naona halikuwa jibu zuri. Mtu akijikuta anapimwa urefu akiwa amelala chali, halafu mpimaji anasema hafanyi kitu, mawazo yanakwenda upande mmoja tu. Mayowe! Jirani karuka ua. Shemeji kafika kabla chai haijachemka, uso umekunjwa kimsiba, akataka kujua tangu lini nina mpango wa kumzika dada yake. Nikasema natafuta godoro. Akauliza kwa nini watu wazima wasipimiwe godoro wakiwa macho.

Mama watoto kahamia chumba cha watoto. Kafunga na komeo.

Alhamisi, 6 Juni

Siri haifai kitu tena, nikaleta gari nyumbani. Nikapiga honi getini, ile honi ya zamani, mbili fupi na moja ndefu. Zamani vijiji vizima vilitoka mbio. Leo alitoka Shemeji, kikombe cha chai mkononi. Tangu jana anashinda kwangu, eti analinda.

Mama watoto akasimama kibarazani. Nikaona yupo mbali nami bado, ila jicho lake liko kwenye lile hema. Nikaamua nimwonyeshe gari linavyoweza. Nyuma ya nyumba kuna tope, tangi la maji linavuja tangu mwaka jana. Nikaingia nalo kwa mbwembwe zote.

Likazama. Nikakanyaga mafuta. Likazama zaidi, na tope likaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Mashuka yote! Shemeji akapuliza chai yake, akauliza taratibu kama nimefunga magurudumu ya mbele. Magari ya aina hii, bila kushuka na kuyafunga kwa mkono, yanavuta ya nyuma tu. Mimi nimefundisha madereva jambo hilo! Niliwagombeza wakilisahau!

Kanivuta kwa gari lake la mapazia. Uso wake ulikuwa umeshiba. Mama watoto hakucheka. Angecheka ningeumia kidogo kuliko hivi. Alianua mashuka tu, akaingia nayo ndani.

Ijumaa, 7 Juni

Nilijua nimekwisha. Asubuhi nikamsikia akimwambia kaka yake kwenye simu kwamba begi lake tayari. Nikatoka kwenda kulifuta gari tope, nilirudishe yadi kwa heshima.

Akaja mwenyewe. Akaitazama ngazi. Akapanda kidato cha kwanza, cha pili, akashika goti. Akaketi pale pale kwenye ngazi, nami nikabaki na kitambaa mkononi. Goti linamsumbua tangu lini? Akasema tangu mvua za mwaka juzi. Akasema hajaniambia kwa sababu sijauliza.

Kisha akasema mengine. Kwamba nyuma ya gari la sinema alilala vibaya, dumu la dizeli lilimchoma ubavu, na projekta ilinuka. Nikashtuka. Miaka yote hii! Nikauliza basi alipenda nini. Akasema alipenda jioni. Kila jua likielekea kuzama nilisimamisha gari, nikazima injini, nikamgeukia: tulale hapa, au tusonge mbele kidogo? Na alilosema ndilo lililokuwa. Kwao hakuwahi kuulizwa kitu. Akasema ndiyo maana hakujuta kuolewa na mimi, na siku hizi anaishi na mtu wa kushtukiza.

Nililia. Naandika hivyo hivyo, nililia na kitambaa cha tope, uso ukawa hautazamiki. Hapo ndipo alipocheka.

Tukaenda yadi pamoja. Aliketi katika kila gari. Alilala, aliamka, alisimama mbele ya jiko akajifanya anakoroga. Akamjibu mwenye yadi maswali yote. Kachagua lile jeupe la wagonjwa: kidato kimoja, mlango mpana, kitanda cha chini. Kumbe nalo ni fowili, unabonyeza tu kitufe. Mwenye yadi akanitazama kwa miwani yote miwili.

Kampigia kaka yake kwamba haendi naye. Nimeapa mbele yake: kuanzia leo, hakuna jambo la safari nitakaloamua bila kumwuliza. Nimekoma. Kafungua komeo.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya raha. Nimemwuliza kila kitu. Dirisha wazi au lifungwe? Lifungwe. Redio? Hapana. Njia ya zamani au lami? Lami, kasema, na akarudia, lami, baba, daraja la kule liliondoka na mafuriko. Nikasema wewe ndiye mkubwa. Akanishika bega. Tulipoiona milima wa kwanza kuinyooshea kidole alikuwa yeye. Ilikuwa na rangi ile ile.

Baada ya chakula kaenda kujilaza kitandani nyuma. Kalala fofofo, goti juu ya mto. Mtu hapati usingizi kama ule garini bila dereva anayejua kazi.

Hapo nikaona njia panda. Njia ya zamani! Jiwe la alama bado liko, chokaa imebanduka kidogo. Mkono wenyewe ukakata kona. Nikifikiria uso wake akiamkia kwenye uwanja ule ule tuliofungia shuka!

Sasa tumefika mtoni. Daraja kweli halipo. Maji si mengi, au si mengi sana. Nimebonyeza kitufe, taa imewaka. Nimemchungulia, bado anakoroma. Ahadi ni ahadi, lazima nimwulize kwanza. Lakini kumwamsha mtu aliyelala vizuri namna hii ni ukatili.

Nitamwuliza tukishavuka.