Soksi ya Mshenga

Leo nimeaibika ukweni, na hata si ukweni kwangu.

Mpwa wangu Shabani amenituma Ujiji nimpelekee posa. Miaka miwili anampenda Rehema, na baba yake binti hana mzaha. Sasa jana nilikula dagaa, na asubuhi kidole gumba cha mguu kimeamka kabla yangu, chekundu, kimevimba. (Ndiyo, gauti. Ndiyo, daktari amenikataza dagaa. Naishi Kibirizi kwa wavuvi wa dagaa, niambieni nile nini.)

Jirani yangu Mama Tatu akasema, "Kaanga mchanga, tia kwenye soksi, funga hapo kidoleni." Nikazoa mchanga pale tunapoanika dagaa, nikaukaanga, nikafunga. Nikapata raha mpaka nikasinzia. Kiatu hakikuingia, nikavaa kandambili mguu mmoja, nikapanda bodaboda na soksi yangu hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi wa Kibirizi harufu ya dagaa hatuisikii tena.

Ujiji nikaacha kandambili mlangoni, nikakaribishwa mkekani. Baba wa binti, Mzee Idi, akaitazama soksi. Bibi yake Rehema alikuwa ameketi pembeni, kajifunika khanga miguuni. Nikaanza, "Tumeona ua kwenu." Akaingia paka. Nikasema kijana wetu ni mtulivu, ana kazi. Wakaingia wengine wawili. Nilipofika kwenye tabia njema, mmoja alikuwa ameshaanza kutafuna.

Nikapiga ukelele (mshenga mzima). Soksi ikapasuka. Mchanga ukamwagika mkekani, na katikati yake dagaa watatu, wamekaangika vizuri kabisa.

Mzee Idi akauliza taratibu, "Mshenga, mahari mmeanza kuleta leo?"

Nilitamani kulia. Niliona kabisa nimemkosesha Shabani mke.

Bibi akajikokota mpaka nilipo, akaushika ule mchanga kwa kiganja.

"Gauti?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huu umeutoa wapi? Bado una moto."

"Kibirizi, bibi."

Akafunua khanga. Mguu wake nao ulikuwa kwenye soksi ya mchanga. "Mchanga wangu wa hapa unapoa upesi," akamwambia mwanawe. "Idi, hawa ni watu wazuri."

Posa imepokelewa. Sharti la bibi ni ndoo moja ya mchanga, uliochekechwa.

Shabani anadhani ni ufasaha wangu. Mnaocheka, chekeni, ila asijue.