Soksi ya Mwenyekiti

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mbele ya chama kizima. Anayeandika barua hii ni mke wangu Wambui, kwa sababu macho yangu yamefungwa kitambaa. (Anacheka. Mtaona mwandiko unavyotetemeka.)

Mnajua tulivyojinyima ili tununue lile shamba la mzungu huku Chepsaita. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kura, kila mwanachama ajue kipande chake. Lakini Eldoret nzima inaumwa macho, ule ugonjwa wanaouita Apollo. Mwenyekiti akatangaza: mwenye macho mekundu asikanyage shambani, atapewa kitakachobaki. Kitakachobaki ni kinamasi, kila mtu anajua. Na macho yangu yalikuwa mekundu kama nyanya!

Juma lililopita nikaenda kwa jirani yangu Mzee Abdi, mwenye duka na lori. Alikuwa na kichupa cha dawa ya matone.

"Chukua, lakini hii daktari alinipea mimi, ya vumbi ya barabara. Si ya Apollo."

"Mzee, jicho ni jicho!" nikamwambia. (Maneno hayo nitayajutia mpaka Krismasi.)

Nikatia matone asubuhi na jioni. Wekundu ukaisha! Macho meupe kama ya bwana harusi. Ni kweli nilianza kuona ukungu, lakini nilijua ni baridi ya Eldoret. (Mwongo. Alisema ni moshi wa jiko langu. Ni mimi, Wambui.)

Leo tukafika. Mwenyekiti alivaa kaptura, soksi ndefu nyeupe mpaka magotini, na miwani myeusi. Alisema jua ni kali. Hapakuwa na jua. Akanikagua macho, akanipitisha. Nikachomoa karatasi ya kura, katibu akanisomea namba na kunielekeza: "Yako ni ile pale, kwa kigingi nyeupe."

Desturi yetu ni hii: ukifika kwenye kigingi unapiga magoti, unakishika kwa mikono miwili, unasema kwa sauti kwamba ardhi ni yako. Watu wanapiga makofi, kisha mama wa nyumba anachimba jembe la kwanza.

Nikaona kitu cheupe. Nikakimbia. Nikapiga magoti, nikakishika.

"Hii ni yangu! Na watoto wangu! Hakuna mtu atanitoa hapa!"

Kigingi kilikuwa na joto. Kisha kikasema:

"Mwangi, wacha mguu yangu!"

Nikakaza zaidi! (Nilidhani kuna mtu nyuma anataka kuninyang'anya.) Mwenyekiti akaanguka chali, soksi ikabaki mkononi mwangu, miwani ikamtoka. Chama kizima kikasogea kutazama. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu ya juma lililopita.

"Mwenyekiti," mama mmoja akaita, "sasa kinamasi ni ya nani?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ile sheria ikafia hapo hapo. Wambui akanishika mkono, akanipeleka kwenye kigingi cha kweli, akachimba jembe la kwanza. Nililia, sitaficha. Sikuuona vizuri udongo wangu, nikaunusa tu.

Mzee Abdi akanipeleka kwa lori mpaka hospitali ya misheni, Plateau. Nesi alipokiona kile kichupa alishika kichwa.

"Hii inaondoa wekundu tu, baba. Virusi bado iko ndani, na hii dawa inaipea nafasi ikule jicho. Ni kama umefunga mbwa mdomo, halafu unashangaa mwizi ameingia."

Amenipa dawa nyingine, akanifunga kitambaa hiki, akanikataza kugusa taulo ya mtu. Anasema nimewahi, nitaona tena vizuri. Nimemwamini, maana nina kitu cha kuona.

Jioni hii Mwenyekiti ametuma mtu kwetu. Nilidhani amefuata soksi. Kumbe anataka kichupa! Nimemrudishia soksi, na ujumbe kwamba aende Plateau.

Tafadhali msinicheke. Au basi, njooni mnichekee shambani kwangu.