Gauni Chini ya Kufuli

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimenunua kufuli la namba. Hatimaye! Halina ufunguo. Lina vigurudumu vinne, kila kimoja na namba zake kuanzia sifuri hadi tisa. Muuza vyuma aliapa kwamba likishafungwa, hata yeye halifungui. Nikalipenda papo hapo.

Sababu ni Sindano, fundi mwenzangu hapa karakana ya ushonaji. Mashine yake inatazamana na yangu. Mrefu, mwembamba, hana haraka na mtu. Kila nikishona kitu cha maana anakuja kusimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Hasemi neno. Anafyonza chai tu. Fyuu! Heri angenitukana.

Wiki hii sitaki chai ya mtu mgongoni kwangu. Nashona gauni la harusi la mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Harusi ni Jumamosi. Alipofiwa na baba yake alikuwa na miaka sita, na siku ile, ili anyamaze, nilimwahidi kwamba akiolewa nitamshonea gauni mimi mwenyewe, peke yangu. Ukoo mzima unajua ahadi hiyo. Nimehakikisha unajua.

Kuna jambo dogo. Mkono wa kushoto umetoka mfupi kuliko wa kulia. Vidole viwili tu. Labda vitatu. Nitaurekebisha kesho kimyakimya. Kwa sasa gauni limelala ndani ya kabati la chuma, kufuli nje.

Kufuli lilikuja na namba ya kiwandani, sifuri nne. Mzaha gani huo! Nikaibadilisha palepale. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na hatua tano. Nilisoma mbili, zilizobaki nikaona zinajieleza. Unazungusha kile chuma kilichopinda, unakibonyeza, unaweka namba yako, basi. Nikiwa katikati, Sindano akaingia na kikombe. Nikamaliza chapuchapu, nikafunga, nikavuruga namba, karatasi nikaitupa. Nikapiga mluzi kama mtu asiye na siri.

Namba niliyochagua ni kali sana. Siiandiki humu. Saa ya chakula shajara hii hubaki mezani peke yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimesahau namba.

Jana ilikuwa kichwani, imekaa vizuri kabisa. Leo hakuna kitu. Nimejaribu mwaka wangu wa kuzaliwa. Mwaka wa mama. Namba ya nyumba. Namba ya nyumba ya zamani. Kufuli limekaa kimya kama mkwe aliyeudhika.

Nikaamua kwenda kwa mpangilio. Nimeanzia sifuri sifuri sifuri moja, nikapanda. Zipo elfu kumi, nikajiambia mtu mvumilivu anazimaliza. Mama Kipimo, mwenye karakana, ambaye futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akiwa anakula, akauliza mbona nimekaa chini kabatini tangu asubuhi. Nikamwambia nakagua kutu. Akasema nikimaliza kutu kuna suruali saba za kupunguza kiuno.

Nilifika mia nane na kitu. Akaja mteja akauliza zipu ya inchi ngapi itafaa sketi yake. Nikamjibu. Niliporudi sikujua nimeishia wapi.

Sindano akapita na chai, akatazama kufuli, akanitazama mimi. Akauliza kama kuna tatizo, kaka. Nikamjibu kwamba watu wengine wana kazi za kufanya. Fyuu.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Dada na bibi harusi wamekuja kujaribisha gauni.

Nilisahau kwamba niliwaita mwenyewe! Dada akaingia na sauti yake yote, akaniuliza liko wapi hilo gauni ambalo nimelipigia tarumbeta miaka kumi na minane. Nikasimama mbele ya kabati. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe, ukasema gauni linapumzika.

Dada akauliza linapumzika na nini.

Nikaeleza kwamba hariri ya aina ile ikishakatwa hushtuka. Inahitaji giza siku tatu ili nyuzi zikae. Ukiitoa mapema inakunja uso. Sijui maneno yale yalitoka wapi, lakini yalitoka kwa ufasaha. Mpwa wangu akacheka, akanishika mkono, akasema, "Mimi sina wasiwasi, Mjomba. Ukishona wewe ni kama kashona baba."

Nilijifanya natafuta pini sakafuni kwa muda mrefu.

Sasa Mama Kipimo alikuwa nyuma anasikia kila kitu. Jioni nikamkuta anamwambia mteja mmoja kwamba blauzi yake haiko tayari kwa sababu kitambaa kinapumzika. Mteja aliondoka ameridhika. Uongo wangu umeanza kazi kabla yangu!

Alhamisi, 12 Juni

NIMEIKUMBUKA!

Ilinijia nikiwa napiga mswaki. Namba ya kiatu cha mama na namba ya kiatu changu. Thelathini na nane, arobaini na tatu. Nilijua ni namba kali! Nimekwenda kazini mbio, povu la dawa bado kidevuni. Nikapiga magoti. Tatu. Nane. Nne. Tatu. Nikavuta.

Halikufunguka.

Nikaanza na kiatu changu, nikamalizia na cha mama. Halikufunguka. Nikazisoma kinyumenyume. Nikalipiga kwa pasi. Pasi imepinda ncha, na Mama Kipimo ameiona.

Mchana nikaenda kwa muuza vyuma kulalamika. Akafurahi! Akasema si alinieleza kwamba halifunguki? Akawaita wateja wengine waje wanisikilize. Ameuza makufuli mawili nikiwa bado nimesimama pale. Nimerudi na msumeno wa chuma wa kuazima. Umekatika meno sita. Kufuli lina mkwaruzo mmoja, tena mzuri, kama pambo.

Kesho nitamleta fundi wa kuchomelea na mashine yake ya kukata chuma. Sina njia nyingine. Dada ameniambia atakuja kuchukua gauni kesho jioni, lipumzike lisipumzike.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ndefu kuliko zote.

Fundi wa kuchomelea alifika saa tatu asubuhi. Akavaa miwani yake, akawasha mashine. Ikalia kama inachinjwa. Alipoligusa kufuli, cheche zikaruka kila upande, na mlango wa kabati lile una matundu ya hewa. Ndipo Sindano akaruka. Sindano, ambaye sijawahi kumwona akitembea haraka! Alichomoa waya ukutani, akasimama kati ya fundi na kabati.

"Mna wazimu? Humo ndani kuna hariri!"

Akaniuliza namba ni ipi. Ikabidi niseme ukweli mbele ya watu wote, na mbele ya yule mteja wa zipu. Nilisema niliibadilisha Jumatatu, nikaisahau, nikaikumbuka, na imekataa. Sindano akatafakari. Akauliza wakati naibadilisha nilisikia tiki? Nikauliza tiki gani.

Akasema karatasi ya maelekezo aliiokota kwenye pipa la vipande vya vitambaa, akaisoma yote akinywa chai, maana hakuwa na kingine cha kusoma. Hatua ya tatu inasema ubonyeze chuma mpaka kilie tiki. Kisipolia, namba haibadiliki.

Akainama. Akaweka sifuri nne. Kufuli likafunguka kwa ulaini kabisa, kama mlango wa jirani.

Fundi wa kuchomelea alicheka mpaka akavua miwani. Nikamuuliza Sindano kwa nini hakusema tangu Jumanne. Akajibu, "Nilikuuliza, kaka. Uliniambia una kazi."

Kisha akalitoa gauni. Akalinyoosha mezani. Akauona mkono wa kushoto. Nilisubiri ile fyuu. Nilikuwa nimekaza meno. Haikuja. Kikombe alikuwa amekiweka chini. Aliuliza kwa sauti ya chini kitambaa kilichobaki kiko wapi, akachukua kifumulio, akaanza kufumua mikono yote miwili. Alikata upya, mimi nikaunga. Hakusema neno mpaka saa kumi na moja, isipokuwa "vuta hapo" na "legeza."

Dada alipofika, gauni lilikuwa limening'inia dirishani. Alilizunguka mara mbili. Akasema kweli, kumbe lilihitaji kupumzika.

Jumapili, 15 Juni

Harusi imepita salama. Mpwa wangu aliingia ukumbini na watu wakapiga vigelegele. Nililia, lakini kwa kiasi.

Kila mtu alisifu mikono ya gauni. Shangazi wa bwana harusi akauliza ni nani fundi wa mikono ile. Nikasimama. Nikainama kidogo, kama wasanii wanavyofanya. Sindano alikuwa meza ya nyuma, anakula keki. Nilifikiria kumtaja. Lakini makofi yalikuwa yameshaanza, na si adabu kukatiza makofi.

Jumatatu, 16 Juni

Mambo yananinyookea! Kiongozi wa bendi iliyopiga harusini amekuja kutaka koti lenye kola ya nakshi ya uzi wa dhahabu. Alhamisi analihitaji. Sijawahi kushona nakshi ya uzi wa dhahabu, lakini itakuwa ngumu kiasi gani? Sindano aliuliza kama nataka anioneshe. Nikamshukuru, nikamwambia ni kazi ya siri.

Koti na uzi wote viko kabatini. Tatizo ni kwamba sasa Sindano anaijua namba ya kufuli. Kwa hiyo nimeibadilisha, na safari hii nimefanya kitaalamu. Nimezungusha, nimebonyeza, nimesikia tiki kwa masikio yangu. Tena nimeongeza ulinzi wangu mwenyewe. Wakati wa kuzungusha vigurudumu nilifumba macho, nikafunga, na nikavivuruga kabla sijayafumbua.

Sasa Sindano anibembeleze atakavyo. Namba haiwezi kunitoka.