Chemchemi za Tackett

Jumatatu, 9 Julai 1962

Vita! Calderwood wanataka kutumeza.

Habari nimeipata kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu. Baraza la jiji la Calderwood limejiongezea ardhi tena: ukanda mwembamba kando ya barabara ya kaskazini, haufiki hata upana wa njia ya ng'ombe. Juzi umekata kona kuelekea kusini. Ukikata kona moja zaidi, tumezungukwa. Tukishazungukwa, sisi ni wao. Kisima chetu chao, kodi zetu zao, na mimi vilevile.

Njia ya kujiokoa ni moja. Jumamosi wakazi wote wanakutana kwenye bwalo la shule, mbele ya afisa wa kaunti. Wengi wakinyoosha mkono, tunakuwa jiji letu wenyewe. Na hapohapo tunachagua jina.

Thurman Brimhall, mwenye mashamba ya pamba, anataka jiji liitwe Brimhall. Eti babu yake ndiye aliyechimba mfereji wa kwanza, enzi za nyoka na vichaka vya miiba. Mfereji! Nani amewahi kuhamia Arizona kwa ajili ya mfereji? Mimi nilifika hapa na gari lisilo na gia ya kurudi nyuma, nikasimama katikati ya pamba, nikaona mitaa. Leo kuna mapaa mpaka macho yanachoka, na karibu yote niliyauza mimi, Orville Tackett. Sasa mwanzilishi ni nani?

Jina langu nimelipata: Chemchemi za Tackett. Nimelitamka kwa sauti bafuni. Linapendeza!

Mke wangu Nedra anasema hakuna chemchemi hata moja kutoka hapa hadi milimani. Nimemwambia hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 10 Julai

Jambo dogo limepata dawa. Mtu akitaka chemchemi na hana, anatengeneza.

Nimekuta kwa muuza mabwawa ya kuogelea aliyefilisika mdomo wa shaba wa kurushia maji, mzito kama mbuzi. Nitaufunga pale mtaa wangu unapoanzia, chini yake beseni kubwa la saruji. Maji yatapanda angani. Jumamosi watu watapita hapo wakienda kupiga kura. Nani ataona hayo kisha alipigie kura jina la mfereji?

Tatizo ni kwamba maji yote yanatoka kwenye tangi moja, na tangi analisimamia Brimhall. Ndiye mwenyekiti wa chama cha maji. Ndiye pia mkuu wa zimamoto wa kujitolea. Mtu mmoja, kofia zote! Nimekwenda kumwomba ruhusa kwa adabu. Alininyima bila adabu.

Amesema Julai kisima kinashuka. Amesema maji ya tangini ni ya kunywa na ya moto, basi. Nikamweleza kwamba maji yakirushwa juu yanarudi chini, kwa hiyo hayapotei.

"Tackett," akasema, "umeshawahi kuanika shati kwenye jua hili?"

Nikasema ndiyo.

"Likakaa na maji muda gani?"

Siwezi kubishana na mtu anayezungumzia mashati mbele ya historia. Nitaunga bomba bila yeye kujua.

Jumatano, 11 Julai

Nimefanikiwa! Shemeji yangu Wendell, kaka yake Nedra, amechimba na kuunga. Wendell si fundi bomba hasa, ila ana bisibisi.

Mwanzo mdomo ulitoa matope mekundu. Kisha ukatoa chura. Kisha kimya, Wendell akawa ananitazama kama anayesubiri kupigwa. Halafu chini ya miguu yetu ardhi ikanguruma, na maji yakaruka juu, meupe, marefu kuliko nguzo ya simu! Akina mama wakatoka majumbani na watoto wao. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja aliyehamia majuzi kutoka Minnesota alivua kofia. Nilijisikia kama Musa pale kwenye mwamba.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakupiga makofi: doña (yaani Bi) Chona Arvizu, anayepika na kuuza tamale, zile bumba za unga wa mahindi za Kimeksiko, kutoka mtaa wa zamani kule nyuma ya kinu cha kuchambua pamba. Nyumba za kule ni za mbao na udongo, za tangu siku za wachumaji. Alisimama na kikapu chake mkononi.

"Don Orville, haya maji yanatoka wapi?"

Nikamwambia yanatoka ardhini, kama maji yote.

"Nauliza kwa sababu bomba langu limekauka tangu asubuhi. Na baba yangu hatoki kitandani, siwezi kumwacha nikahangaike na ndoo."

Nikamwambia pole, ni bahati mbaya tu, mabomba ya kule ni ya zamani. Akasema mabomba ya kule yana umri uleule wa jana, na jana yalitoa maji. Akaondoka. Hata tamale hakuniuzia.

Jioni nilitaka kupunguza kidogo. Koki imekwama wazi. Wendell akaipiga nyundo ili ilegee, mpini wa koki ukakatika. Amesema kwa upande mwingine, sasa haiwezi kuharibika zaidi.

Alhamisi, 12 Julai

Joto digrii mia na kumi na tano za Fahrenheit. Lami inashika viatu. Vigingi vya Calderwood vimeonekana magharibi, vina vitambaa vyekundu. Zimebaki hatua chache kona ifungwe.

Na nani amekuja kunitembelea? Lyle Ostrander mwenyewe, meya wa Calderwood, kofia nyeupe, mpiga picha nyuma yake! Nilidhani amekuja kutisha. La! Alikuja kuangalia chemchemi. Ameisifu mno. Akaniuliza kama itaendelea kutiririka mpaka Jumamosi. Nikasema mchana na usiku. (Sikutaja koki.) Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, tukapigwa picha pamoja, maji yakimeremeta nyuma yetu. Adui ananiheshimu kuliko majirani zangu.

Nedra amesema mtu wa namna ile akikuchekea, hesabu vidole vyako. Nedra hana moyo wa siasa.

Brimhall naye alipita na gari lake. Amegundua. Hakupiga kelele, jambo ambalo limenitia wasiwasi zaidi. Alisema tangi liko nusu na pampu inavuta hewa. Alisema niifunge leo. Nikamwambia nitaifunga. Akasema, "Sasa hivi." Nikasema sasa hivi hasa. Akakunja mikono, akasubiri.

Ikabidi nimwambie kuhusu mpini.

Maneno aliyotamka sitayaandika. Yeye ni mzee wa kanisa.

Ijumaa, 13 Julai

Naandika kabla giza halijaingia, nguo zangu zinanuka moshi.

Baada ya chakula cha mchana upande wa kusini ukageuka kahawia. Tufani ya vumbi, ukuta mzima, kutoka ardhini mpaka mawinguni. Tulifunga madirisha. Jua likazimika. Upepo uliangusha nguzo ya umeme kwenye kinu, waya ukarusha cheche juu ya lundo la takataka za pamba. Lundo lile halikuungua, lililipuka. Na upepo ulikuwa unaelekea mtaa wa zamani.

Nilifika mbio. Gari la zimamoto lilikuwa limeshaunganishwa. Brimhall ameshika mpira wa maji, wanaume wawili nyuma yake. Akafungua. Mpira ukatoa pumzi ndefu, kama mtu anayekata tamaa. Kisha tone. Kisha hakuna.

Akageuka. Watu wote pale wakageuka. Hawakusema neno, na sijawahi kutukanwa vile maishani mwangu.

Nyumba ya kwanza ilishika. Ya pili. Doña Chona alikuwa barabarani, shali limefunika mdomo, anapiga kelele kwamba baba yake yuko ndani, don Anselmo yuko ndani, mlango umezuiwa na boriti. Brimhall akachukua gunia la pamba, hakuna hata maji ya kulilowesha, akalivaa kichwani hivyohivyo, akaingia dirishani.

Nitasema kweli, maana hii ni shajara yangu na mimi ndiye nitakayeisoma. Wazo langu la kwanza lilikuwa: kesho ni kura, na huyu anakuwa shujaa peke yake! Nikaingia nyuma yake.

Ndani sikuona hata kiganja changu. Nilipapasa, nikashika mguu, nikauvuta. Ulikuwa wa Brimhall. Akanipiga teke, akasema, "Shika kitanda, we punda!" Nikashika kitanda. Don Anselmo alikuwa macho kabisa, rozari mkononi, ananiuliza kwa Kihispania mimi ni nani. Mlango haukufaa. Dirisha halikutosha kitanda. Paa likaanza kulia juu yetu. Tukamviringisha mzee kwenye godoro lake, Brimhall miguuni, mimi kichwani, tukamsukuma nje kama mkate unaotoka tanuri. Mikono ya watu ikampokea. Brimhall akanitupa mimi. Kisha akatoka yeye, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeiva.

Hapo Nedra akafika. Alikuwa anaendesha gari letu, na ndani, kwenye viti vyangu vya ngozi, amejaza mapipa ya taka, na mapipa yamejaa maji. Maji ya beseni la chemchemi! Nyuma yake gari jingine, na jingine. Akina mama wa nyumba mpya, wengi wao hawajawahi kuvuka reli kuja mtaa huu, rola za nywele bado vichwani, wamebeba ndoo, karai, sufuria, beseni za kuogeshea watoto. Mzee wa Minnesota alileta maji kwenye buti zake za kuvulia samaki. Tukapanga mstari, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Upepo ukalegea.

Nyumba tatu zimeteketea. Hakuna aliyekufa. Ya doña Chona ni mojawapo ya zile tatu.

Nilimwambia pole. Alikuwa anatafuta sufuria yake kubwa kwenye majivu.

Jumamosi, 14 Julai

Bwalo lilijaa mpaka madirishani. Ostrander alikuwepo, kofia nyeupe magotini. Watu wake wamegawa karatasi mlangoni: ile picha! Mimi, yeye, maji. Chini yake: "Hivi ndivyo wanavyotunza maji ya zimamoto. Calderwood itayatunza vizuri zaidi." Nimetoka vibaya pia, jicho moja nimelifumba.

Kelele ziliniandama. Mmoja alitaka nikatiwe maji, mimi na chemchemi yangu. Nilisimama kujieleza, Nedra akanivuta koti nikakaa. Nikasimama tena, akanivuta tena, mshono ukaachia.

Brimhall akainuka, bendeji hadi kwenye kiwiko. Nilijua nimekwisha. Akasema, "Tackett kaiba maji, na mimi nililijua hilo tangu juzi. Ningeweza kukata lile bomba kwa shoka. Nikangoja, maana nilitaka Jumamosi mumwone alivyo. Basi mmemwona. Na mimi mmeniona." Akakaa. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

Ostrander akatabasamu, akaanza kuinuka. Doña Chona akamtangulia.

"Wewe kaa, señor," akamwambia. "Mimi ndiye nyumba yangu imeungua. Hawa wawili nawachukia wote, leo. Lakini jana majirani ambao sijui hata majina yao waliharibu magari yao kwa ajili ya baba yangu. Moshi ule ulionekana Calderwood. Mna magari mangapi ya zimamoto nyinyi? Mlileta nini? Nimeona mlileta picha."

Afisa wa kaunti akauliza wanaotaka jiji letu wenyewe. Mikono ikapanda kama pamba inayoota, kuanzia mbele mpaka madirishani. Ostrander akavaa kofia yake, akaondoka.

Jiji! Sisi ni jiji!

Kisha jina. Wanaotaka Brimhall: mikono michache, na wake mwenyewe haumo. Wanaotaka Chemchemi za Tackett: mimi. Hata Wendell alikuwa anajikuna sikio. Mama mmoja wa nyumba mpya akapaza sauti kutoka nyuma, kwa utani, "Basi tuliite Ndoo!" Watu wakacheka. Walicheka sana, kicheko cha watu ambao jana walikuwa wanalia. Afisa, ambaye hana utani, akaandika.

Naishi katika jiji la Ndoo.

Jumapili, 15 Julai

Kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi letu isipokuwa Nedra, naye alikaa mwisho kabisa. Mchana nimebeba matofali kwa doña Chona. Amri ya Nedra. Brimhall alikuwa anapanga ukuta kwa mkono mmoja, mimi nampa tofali. Hatukuzungumza, ila mara moja alisema nililoshika ni la pembeni, nikasema najua. Sikujua. Doña Chona alitupa tamale, yangu ndogo.

Nimetafakari sana. Mtu lazima ajifunze kutokana na makosa yake. Kosa langu liko wazi: maji yote yalikuwa mahali pamoja!

Basi, tazama. Kupita nyumba ya mwisho magharibi kuna jangwa tupu, bado halina mwenyewe wa maana. Nimekwenda pale jioni, nikaona mitaa. Ona hili: kila nyumba, kila moja, na bwawa lake la kuogelea uani. Moto ukizuka, mwenye nyumba anachota mwenyewe! Jiji zima haliwezi kuungua. Ajabu hakuna aliyeliwaza kabla yangu. Mtaa wa kwanza nitauita Tackett, kwa unyenyekevu.

Nimemweleza Wendell. Brimhall asijue kwanza. Wendell akauliza maji ya mabwawa yote hayo yatatoka wapi.

Nimemwambia kazi yake ni kuchimba.