Bibi Upawa na Vita vya Kiti cha Dirishani

Jongeeni, enyi mlio karibu, nanyi mlio mbali tegeni masikio. Wenye kukohoa wakohoe sasa, wenye kucheka wacheke baadaye, maana habari ninayoileta haipendi kukatizwa. Si habari ya wafalme waliogombea nchi, wala ya majeshi yaliyokutana uwandani yakaacha mifupa. Hizo zimekwisha kuandikwa na watu waliolipwa kuziandika. Mimi nasimulia vita vilivyopiganwa angani, au tuseme karibu na angani, kwa kuwa ndege yenyewe ilikuwa bado chini, mlango u wazi, na abiria wanajipepea kwa vile vikaratasi vya kuonyesha namna ya kuokoka ajalini. Ewe ulimi wangu, uliyezoea umbea wa bure, leo simama wima ufanye kazi ya heshima.

Shujaa wetu ni Bibi Upawa, mtiisha masufuria, mzima-njaa wa vizazi, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, aliyepewa jina hilo na wanafunzi kwa sababu upawa wake ulijua kupakua na ulijua vilevile kukataa. Kimo chake kilikuwa kifupi na sauti yake ndefu. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kutokea na kilemba chekundu kipya, naye alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aende kumtunza binti yake aliyejifungua. Huko angekaa mpaka mjukuu ajue kuketi.

Alikuwa ameketi safu ya kumi na mbili, upande wa kushoto, dirishani. Na msidhani kiti hicho kilipatikana kwa bahati. Mumewe, Babu Fyekeo, alikuwa mkata nyasi wa uwanja huohuo wa ndege, kazi aliyoifanya tangu ujana hadi magoti yalipomkatalia. Matumbo ya ndege aliyajua yote. Ndani ya ndege hakuwahi kutia mguu. Na katika miaka yote hiyo alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliicheka: kila ndege ilipogeuka pale kwenye kona ya uwanja ili ianze kukimbia, yeye aliweka fyekeo chini, akanyoosha mgongo, akawapungia abiria mkono.

"Mama watoto," alimwambia mkewe walipokuwa wanafunga sanduku, "nimewapungia watu maisha yangu yote. Wengine nyuso zao niliziona kabisa, wananitazama hivi. Hakuna hata mmoja aliyeinua kidole."

Alisema hivyo huku anacheka, lakini Bibi Upawa hakucheka. Yalimchoma maneno yale. Akaweka chini gauni alilokuwa analikunja, akasema, "Basi safari hii utapungiwa, Baba. Utapungiwa mpaka uchoke."

Ndipo likafanyika baraza la vita juu ya kitanda chao. Babu Fyekeo akaeleza kwamba ndege zikifika konani huonyesha ubavu wa kushoto. Mkwe wao mkata-tiketi akasumbuliwa kwa simu mpaka akakubali kubadilisha kiti. Ikaamuliwa kwamba mzee atasimama nje ya uzio na shuka la zambarau la kitandani, naye bibi atabandika kilemba chekundu kwenye kioo. Kwa agano hilo wakalala.

Sasa rudini nami ndani ya ndege. Abiria wameketi, mikanda imefungwa, na ndege haiendi. Joto likapanda. Zikaja tetesi kutoka safu za mbele kwamba tunamsubiri Mheshimiwa fulani, kigogo mwenye cheo kisichoenea kwenye kadi moja, ambaye ofisi yake ilimkatia tiketi dakika za mwisho. Hapo ndege nzima ikawaka. Aliyewaka kuliko wote alikuwa bwana mmoja mwenye tai ya mistari, ng'ambo ya njia, simba wa kunguruma, mtetezi wa walipa kodi.

"Huu ni ushenzi!" alifoka Mwenye Tai. "Sisi sote tuna kazi zetu! Yeye ni nani? Aje tu hapa, nitamwambia usoni!"

"Mwambie, bwana!" wakaitikia wengine.

Mara mlango ukaingiwa na kivuli. Kwanza yakaingia manukato, kisha tumbo, kisha Mheshimiwa mwenyewe, amevaa miwani myeusi na saa ya dhahabu, na nyuma yake msaidizi mwembamba aliyebeba mkoba, koti na simu zinazolia. Ndege ikawa kimya kama maji ya mtungi. Na wa kwanza kusimama, tai imenyooka, mikono imekutana kifuani, alikuwa ni yule simba wetu.

"Karibu sana, Mheshimiwa!" alisema. "Tulikuwa tunasema sasa hivi hapa, bila wewe safari hainogi."

Ndege ile ilikuwa ndogo, haina daraja la wakubwa. Viti vyote sawa, kubana ni kulekule. Kiti kimoja tu kilikuwa kimebaki, nacho kilikuwa cha katikati, safu ya kumi na mbili. Kwa nje, njiani, alikaa muuza magodoro mmoja mwenye mwili wa biashara yake, ambaye alikuwa amelala fofofo tangu mkanda ulipomfikia. Kwa ndani, dirishani, alikaa Bibi Upawa.

Msaidizi akainama juu ya muuza magodoro, akasafisha koo, akatoa hotuba.

"Mama yetu mpendwa. Kwa niaba ya ofisi ya Mheshimiwa, na kwa kuzingatia uzito wa majukumu yake kwa taifa, tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa usogee hapo katikati, ili Mheshimiwa akae dirishani, apate kutafakari mustakabali wa nchi akiangalia nje."

"Mustakabali uko nje?" akauliza Bibi Upawa.

"Ndiyo. Hapana, mama. Ni namna ya kusema."

"Basi atafakari hapo katikati. Mimi huko nje nina mtu."

Mnong'ono ukapita kutoka safu ya kwanza hadi chooni. Hajapata kusikika mtu aliyemjibu hivyo msaidizi wa mkubwa, tena akiwa amefungwa mkanda. Bibi Upawa akainua kidevu, akasema kwa ile sauti iliyokuwa ikifika mpaka mwisho wa bwalo:

"Sikilizeni wanangu! Jikoni kwangu walipita watoto wa wakubwa na watoto wa wadogo, na foleni ilikuwa moja. Aliyekuja na sahani alipakuliwa, aliyekuja na jina la baba yake aliambiwa akalete sahani. Kiti hiki ni changu. Na kule kwenye uzio kuna mume wangu, amesimama juani na magoti yake mabovu, anangoja nimpungie. Nikihama hapa, atapungiwa na nani?"

Mngetegemea ndege nzima ipige makofi. Haikupiga. Watu walewale waliokuwa wanamlaani Mheshimiwa sasa walimgeukia bibi kizee.

"Si uhame tu, Bibi, tuondoke!"

"Hiyo ni bahati, mama! Ungepata wapi nafasi ya kumwachia mkubwa kiti?"

"Kiti ni kiti tu," akasema Mwenye Tai kwa upole wa kuudhi.

"Basi mpe chako," akajibu Bibi Upawa.

"Changu hakina dirisha," akasema Mwenye Tai, akaketi.

Akaja mhudumu wa ndege, binti mwenye macho ya uchovu, akamshika bega. "Bibi, nakuomba. Mimi sina neno na wewe, ila hawa wakinichongea nimekwisha."

Hapo shujaa wetu aliyumba, nisiwafiche. Watu wazima wanamkodolea macho, joto linamkaba, na huyu binti wa watu anaomba kwa sauti ya kulia. Mkono wake uligusa kifungo cha mkanda. Akageuza uso dirishani ili wasimwone akitaka kulia yeye. Na kule mbali kabisa, ng'ambo ya nyasi, pembeni mwa uzio, akaona kidoa cha zambarau. Mzee alikwisha kufika, na shuka alikuwa amelitandaza tayari. Mkono ukaondoka kwenye kifungo.

Sasa simu za abiria zilikuwa zimekwisha inuliwa, kila moja na jicho lake. Mheshimiwa akaziona. Uso wake ukabadilika hapohapo ukawa ule wa kwenye mabango. Akamweka msaidizi kando, akainama yeye mwenyewe juu ya muuza magodoro, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama."

Loo! Alijua alichokifanya? Alikuwa amefungua lango la ngome kwa mkono wake mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi Upawa, akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, ile iliyosonga ugali wa shule nzima, akaufumbata. "Hujambo?"

"Sijambo, mama. Sasa nilikuwa—"

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Nilikuwa naomba—"

"Mama watoto?"

"Mzima, mama."

"Na watoto?"

"Wazima."

"Wote?"

"Wote, mama." Mgongo ulianza kumuuma; alijaribu kuvuta mkono, mkono haukutoka. Na simu zinamtazama, na hakuna mwanasiasa aliyewahi kushinda uchaguzi baada ya kuonekana akimkatiza mama mtu mzima salamu.

"Na mama yako mzazi, yupo?"

"Yupo."

"Umemwona lini?"

"Siku... siku nyingi kidogo. Kazi, mama."

"Anasumbuliwa na nini?"

"Miguu."

"Miguu!" akalia Bibi Upawa, na huruma yake ilikuwa ya kweli, ingawa haikumfanya aachie mkono. "Mwanangu, miguu usiifanyie mzaha. Mume wangu ilianza hivihivi. Inavimba? Asubuhi au jioni? Na anayemkanda ni nani?"

Aliuliza kuhusu goti, akashuka kwenye kifundo, akapanda nyonga. Alikuwa amefika kwenye kiuno wakati mlango ulipofungwa, injini zikanguruma, na sauti ya rubani ikashuka kutoka darini ikiamuru kila mtu aketi na kufunga mkanda. Mhudumu akapata ujasiri ambao sijui aliutoa wapi.

"Mheshimiwa, tafadhali keti ulipo. Tunaondoka."

Basi mkubwa wa nchi akamvuka muuza magodoro kwa taabu nyingi, akadidimia katikati, mabega yake yamekunjwa mbele. Msaidizi akaenda kukaa kwenye kiti cha kukunja cha wahudumu karibu na choo. Ngome ilikuwa imesimama.

Ndege ikatambaa. Ikafika konani, ikaanza kugeuka, na ubavu wa kushoto ukafunguka kama mzee alivyosema. Hapo palikuwa na uzio. Na nyuma ya uzio alikuwepo Babu Fyekeo, kashika shuka la zambarau kwa ncha mbili, analipandisha na kulishusha kwa nguvu zake zote. Bibi Upawa akavua kilemba chake chekundu, akakibandika kwenye kioo kwa mkono mmoja, akapunga kwa mwingine, nywele nyeupe wazi mbele za watu, machozi yanamtiririka wala hayafuti. "Nakuona, Baba," alikuwa anasema. "Nakuona, nakuona."

Ndipo mkono wa tatu ukatokea. Ulipita juu ya bega lake, una saa ya dhahabu, ukaanza kupunga taratibu kwa vidole vilivyokutana, kama wapungavyo watu waliozoea magari ya wazi.

"Umeona, mama?" akasema Mheshimiwa, uso umemchangamka. "Wananchi! Mpaka huku mwisho wa uwanja! Na rangi ya chama wamekuja nayo!" Maana zambarau ndiyo iliyokuwa rangi ya chama chake.

"Wanakupenda, Mheshimiwa!" akaitikia Mwenye Tai.

Bibi Upawa hakugeuka. "Mheshimiwa, shusha mkono," akasema. "Huyo ni mume wangu, na hilo ni shuka la kitandani kwangu."

Kisha muuza magodoro, ambaye wote walidhani amelala, akaanza kucheka macho yamefumbwa, na tumbo lake likaitikisa safu nzima ya kumi na mbili.

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, uzio ukabaki chini. Walipokuwa wamekwisha kuyafikia mawingu, Mheshimiwa akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo haikuwa ya jukwaani, "Mama, mimi huyu mzee ninamfahamu. Nimepita hapa mara nyingi. Alikuwa anasimama kwenye nyasi pale, anapunga. Nilikuwa nadhani ananipungia mimi."

"Na ulimpungia?"

Mheshimiwa akatazama kifungo cha mkanda wake, akakitazama muda mrefu.

Walipotua, Bibi Upawa alisimama kwenye ukumbi wa mizigo, kilemba kimerudi kichwani kimekaa upande, akapiga simu nyumbani.

"Uliniona?"

"Nilikuona!" Babu Fyekeo alikuwa anapiga kelele kana kwamba simu haina kazi. "Chekundu kilee, dirishani! Nimepungiwa, mama watoto! Nimewaambia vijana wote wa kazini, wamekuja kuniuliza uzioni." Akavuta pumzi. "Lakini kulikuwa na mkono mwingine, una kitu kinametameta. Ulikuwa wa nani ule?"

Bibi Upawa akatazama upande wa pili wa ukumbi, ambapo Mheshimiwa alikuwa anangoja sanduku lake, amezungukwa na watu wa kumpokea, naye amewapa mgongo, simu sikioni, anauliza mtu kuhusu miguu.

"Wa abiria mmoja tu," akasema. "Alichelewa, lakini alipunga."

Na ninyi mnaoandika mambo makubwa ya nchi, mkijaliwa nafasi kati ya mkutano mmoja na mwingine, liandikeni na hili kwa wino usiofutika: siku hiyo, kwenye kona ya uwanja wa ndege, mkata nyasi alipungiwa.